Jinsi ya Kuunda Kalenda ya Haki za Binadamu: Siku Thelathini, Vifungu Thelathini

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lina vifungu 30. Ukipanga mwaka wa miezi 12 yenye siku 30 sawasawa, kila tarehe inapata kifungu chake, na mtu akikuuliza leo tarehe ngapi unamjibu kwa haki. Tarehe 5, hakuna kuteswa. Tarehe 19, sema unachofikiri. Tarehe 26, shule. Ndani ya miezi mitatu mtoto wa darasa la sita anavijua vifungu vyote bila kukaririshwa, kwa sababu amekuwa akiishi ndani yake.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuitengeneza kalenda hiyo kwa mkono na kuiingiza kwenye simu. Nimeuandika nikiwafikiria walimu wa Uraia, vikundi vya vijana, vikoba, na familia yenye ukuta wa kubandikia kitu. Utahitaji karatasi mbili za manila, rula, penseli, kalamu za maka za rangi mbili, na nakala ya Tamko kwa Kiswahili, ambayo Umoja wa Mataifa unaitoa bure.

Kabla hujashika rula kuna uamuzi wa kufanya, nao ndio mgumu kuliko kazi yote.

Kwanza: juma usiliguse

Waliowahi kubuni kalenda mpya kwa nia njema wamewaumiza watu mahali pamoja, penye siku ya kupumzika. Mwaka 1789 Wafaransa walitangaza haki za binadamu. Mwaka 1793, mapinduzi yaleyale yakafuta juma la siku saba na kuweka makundi ya siku kumi kumi. Kibarua aliyezoea kupumzika siku ya saba akaambiwa asubiri ya kumi, na waumini wakaiona Jumapili yao imeondolewa kwa amri. Napoleon aliifuta kalenda hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 1806.

Umoja wa Kisovieti nao ulijaribu mwaka 1929. Wafanyakazi waligawanywa katika makundi matano, kila kundi na rangi yake na siku yake ya kupumzika, ili mitambo isisimame kamwe. Mume akiwa wa rangi moja na mke wa rangi nyingine, hawakuwa na siku ya kukaa pamoja na watoto. Mwaka 1931 wakahamia juma la siku sita, na mwaka 1940 wakarudi kwenye siku saba.

Na mimi nilianguka hapohapo. Jaribio langu la kwanza lilikuwa siku kumi, mapumziko, siku kumi, mapumziko. Nikalipeleka kwenye kikao cha kikundi chetu nikiwa nimelipamba vizuri. Mama mmoja anayekaanga mihogo karibu na msikiti aliiangalia karatasi kwa muda, akafuata mistari kwa kidole, kisha akauliza, "Mwanangu, Ijumaa umeiweka wapi?" Nikamweleza kwamba Ijumaa haipo tena, kuna siku ya kwanza mpaka ya kumi. Akanirudishia karatasi. "Basi hizi haki si zangu mimi." Nilirudi nyumbani nikaichana, maana alikuwa ameniambia kwa maneno machache kilichomo ndani ya Kifungu cha 18, uhuru wa dini, na cha 24, haki ya kupumzika.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: juma la siku saba linapita ndani ya kalenda yako bila kukatika hata siku moja. Ijumaa ya Mwislamu, Jumamosi ya Msabato na Jumapili ya Mkristo zibaki palepale zilipo. Hata siku zile za ziada utakazokutana nazo mbele lazima ziwe na jina la juma. Kalenda za miezi 13 yenye siku 28 zilizopendekezwa karne iliyopita ziliacha siku moja nje ya juma, na jamii za dini zilizipinga kwa sababu hiyo, nami naona zilikuwa na haki kamili.

Pili: chagua siku ya kuanzia

Hapa hakuna haja ya kuhangaika. Tamko lilipitishwa Paris usiku wa tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48 za ndiyo, hakuna ya hapana, na nchi nane zisizopiga upande wowote. Mwaka wetu unaanza tarehe 10 Desemba, ambayo ni tarehe 1, na Kifungu cha 1 kinasema: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa."

Simama kidogo kwenye neno "watu". Rasimu ya Kiingereza ilianza na neno linaloweza kusomeka kama "wanaume", na Hansa Mehta, mjumbe wa India, akashikilia libadilishwe hadi likabadilishwa. Kiswahili hakikuhitaji pigano hilo. Neno mtu halina mume wala mke, na ukiwafundisha watoto kifungu hiki waambie wanalo neno zuri tayari.

Je, uhesabu miaka upya, useme 1948 ndio Mwaka wa Kwanza? Nakushauri usifanye hivyo. Mwaka ule Umoja wa Mataifa ulikuwa na wanachama 58, na kutoka Afrika nzima walikuwa wanne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, ambayo haikuliunga mkono Tamko. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini, Kenya koloni, Zanzibar himaya ya Mwingereza. Ukisema muda unaanzia pale, unamwambia babu yako kwamba madai yake ya utu yalianza ukumbini Paris, wakati yeye alikuwa akiyadai shambani. Tumia mwaka wa kawaida. Mzunguko wa Desemba 2026 hadi Desemba 2027 uite 2027, kwa kuwa siku zake nyingi zimo humo.

Tatu: kata mwaka

Miezi 12 mara siku 30 ni 360. Zinabaki tano. Hesabu hii si ngeni kwetu. Mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36, kisha siku tano za kufungia. Leo tunalitumia neno mwongo kwa miaka kumi, lakini nahodha aliyekuwa akingoja kaskazi au kusi alilitumia kwa siku kumi. Waethiopia nao wana miezi 12 ya siku 30 na mwezi mfupi wa 13 mpaka leo. Unachokifanya ni kurudisha kitu kilichokuwepo.

Miezi inakaa hivi, pamoja na majina tuliyoyachagua sisi:

1. Utu: 10 Desemba hadi 8 Januari
2. Elimu: 9 Januari hadi 7 Februari
3. Usawa: 8 Februari hadi 9 Machi
4. Maji: 10 Machi hadi 8 Aprili
5. Kazi: 9 Aprili hadi 8 Mei
6. Ardhi: 9 Mei hadi 7 Juni
7. Mtoto: 8 Juni hadi 7 Julai
8. Chakula: 8 Julai hadi 6 Agosti
9. Katiba: 7 Agosti hadi 5 Septemba
10. Habari: 6 Septemba hadi 5 Oktoba
11. Afrika: 6 Oktoba hadi 4 Novemba
12. Usalama: 5 Novemba hadi 4 Desemba
Siku za Suluhu: 5 hadi 9 Desemba

Majina unaweza kuyabadili, ila usiupe mwezi jina la mtu. Viongozi hubadilika, na kila jina la mtu litamwacha jirani mmoja nje. Tafuta kinachotokea kweli katika siku hizo. Elimu iko pale kwa sababu Januari shule zinafunguliwa na wazazi wanahangaika na sare na madaftari. Mwezi wa Afrika umebeba tarehe 21 Oktoba, siku ambayo Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulianza kutumika mwaka 1986.

Tarehe 29 Februari inahitaji uangalifu. Ukiihesabu ndani ya mwezi, kila mwaka mrefu tarehe zote baada yake zitasogea na karatasi yako itaharibika. Iache bila namba. Tarehe 28 Februari ni 21 Usawa, tarehe 29 inapata jina la juma tu pamoja na nafasi ya kuandika lolote, na tarehe 1 Machi inaendelea kuwa 22 Usawa. Kwa ujanja huo mdogo kalenda inatumika miaka yote bila kuchorwa upya.

Nne: jifunze kugeuza tarehe

Chukua tarehe ya kawaida, toa tarehe ambayo mwezi wetu ulianza, ongeza moja. Tarehe 27 Agosti: mwezi wa Katiba ulianza tarehe 7, kwa hiyo 27 toa 7 ni 20, ongeza moja, 21. Ukivuka mwezi, hesabu kwa vipande viwili. Tarehe 1 Mei: kuanzia 9 Aprili hadi 30 Aprili ni siku 22, ongeza moja ya Mei, 23.

Sasa tazama ulichokipata. Tarehe 27 Agosti 2010 ndiyo siku Katiba mpya ya Kenya ilipozinduliwa rasmi, baada ya wananchi kuipigia kura, na inaangukia tarehe 21 ya mwezi wa Katiba. Kifungu cha 21 kinasema matakwa ya watu ndiyo msingi wa mamlaka ya serikali. Tarehe 1 Mei, siku ya wafanyakazi, inaangukia 23 Kazi, na Kifungu cha 23 ndicho cha kazi, ujira wa haki na vyama vya wafanyakazi. Nilipoliona hili mara ya kwanza nilirudia hesabu mara tatu.

Kuna nyingine. Tarehe 10 Oktoba, siku ya kupinga adhabu ya kifo, ni tarehe 5, kifungu kinachokataza adhabu za kikatili. Tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi, ni tarehe 13, haki ya kutoka nchini na kurudi nyumbani, na kesho yake ni 14, haki ya kupata hifadhi. Tarehe 13 Juni, siku ya uelewa kuhusu ualbino, ni tarehe 6: kila mtu, popote alipo, ana haki ya kutambuliwa kuwa ni mtu mbele ya sheria. Katika nchi ambako watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, kifungu hicho hakihitaji kufafanuliwa sana.

Siku nyingine hazilingani. Tarehe 3 Mei, ya uhuru wa vyombo vya habari, inaangukia 25 wala si 19. Tarehe 16 Juni, tunapowakumbuka wanafunzi wa Soweto wa 1976, inaangukia 9. Usilazimishe wala usisogeze mwezi ili zilingane. Andika siku hiyo kwa rangi ya pili pembeni ya kifungu kilichopo, na wacha watu wajadili kwa nini vimekutana. Kifungu cha 9 kinakataza kukamata watu kiholela, na hapo Soweto ina mengi ya kusema.

Tano: andika mstari wa kila siku

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, na inastahili. Kila kifungu kiwe mstari mmoja, maneno yasiyozidi kumi, kwa Kiswahili cha sokoni. Mimi hupima hivi: msomee mtu aliyebeba mzigo. Akikuelewa bila kuushusha, umefaulu.

Mwezi unagawanyika wenyewe katika miongo mitatu. Mwongo wa kwanza, tarehe 1 hadi 10, ni mtu na sheria: kuzaliwa huru, kutobaguliwa, kuishi, kutofanywa mtumwa, kutoteswa, kutambuliwa, usawa mbele ya sheria, kupata nafuu mahakamani, kutokamatwa ovyo, kusikilizwa kwa haki. Mwongo wa pili unamtoa mtu kituoni na kumrudisha mtaani: hana hatia mpaka ithibitishwe, faragha yake, safari zake, hifadhi, uraia, ndoa na familia, mali, dini, maoni, mikutano. Wa tatu ni riziki na jamii: kura, hifadhi ya jamii, kazi, mapumziko, maisha ya kutosha, elimu, utamaduni, utaratibu unaowezesha haki, wajibu, na mwisho cha 30 kinachosema hakuna anayeruhusiwa kutumia Tamko hili kuvunja haki zilizomo.

Mifano ya mistari yetu: tarehe 11, "Sijahukumiwa; usiniite mwizi." Tarehe 12, "Barua yangu, simu yangu, mlango wangu: bisha hodi." Tarehe 16, "Bila ridhaa ya wote wawili hakuna ndoa." Tarehe 24, "Nimefanya kazi. Sasa napumzika, na likizo nalipwa." Huu wa mwisho ubandike jikoni, mahali ambapo dada wa kazi ataupata na mwajiri wake ataupata pia.

Sita: weka Katiba pembeni

Tamko peke yake si sheria unayoweza kwenda nayo mahakamani. Chini ya kila mstari andika kwa herufi ndogo ibara ya Katiba ya nchi yako. Tanzania iliingiza haki hizi kwenye Katiba mwaka 1984, na Kenya imeziweka katika Sura ya Nne. Kwa Tanzania, tarehe 5 andika Ibara ya 13(6)(e), na tarehe 11 andika 13(6)(b). Kuwa makini na tarehe 18 na 19, maana namba zimepishana: katika Tamko dini ni 18 na maoni ni 19, wakati katika Katiba ya Tanzania maoni ni Ibara ya 18 na dini ni ya 19. Kwa Kenya, tarehe 9 andika Ibara ya 49, inayotaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama muda huo umeishia nje ya saa za mahakama.

Utagundua pia mapengo, na mapengo ndiyo yenye faida. Tarehe 26, elimu: kwa Kenya ni Ibara ya 43, ambayo mwananchi anaweza kuidai mahakamani. Kwa Tanzania ni Ibara ya 11, lakini imo katika sehemu ambayo Ibara ya 7(2) inasema mahakama hazina uwezo wa kuamua juu ya utekelezaji wake. Mwalimu mmoja katika kikundi chetu alizungushia duara jekundu siku hiyo kila mwezi, mara 12, na hatukumzuia.

Saba: chora

Manila ilaze kwa upana. Chora visanduku 12, vinne kwa kila mstari, na utepe mmoja chini kwa Siku za Suluhu. Ndani ya kila kisanduku weka safu tatu: namba yetu, tarehe ya kawaida, na safu nyembamba iliyo wazi kwa jina la juma. Hiyo safu ya tatu ijaze kwa penseli kila mwaka mpya, kwa kuwa ndiyo pekee inayobadilika. Mwaka unaoanza 10 Desemba 2026 unaanzia Alhamisi. Idi nazo ziandike kwa penseli, mwezi ukishaandama. Manila ya pili ni ya mistari 30, iliyoandikwa mara moja kwa herufi kubwa.

Mwenye uoni hafifu au asiyesoma asiachwe: rekodi mistari 30 kwa sauti kwenye simu, kila mmoja peke yake, umtumie mmoja kila asubuhi. Kwenye programu ya kalenda ya simu, ingiza kila mstari kama tukio la siku nzima linalojirudia kila mwaka katika tarehe yake ya kawaida. Kwa kuwa tuliiacha 29 Februari bila namba, hutairekebisha tena.

Nane: Siku za Suluhu

Hizi tano sikutaka ziwe sikukuu tupu. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye Mwaka Kogwa wanaume wanachapana kwa migomba ili visasi vya mwaka vimalizike vyote pale uwanjani. Wazo hilo la kumaliza mambo kabla ya kuingia mwaka mpya ndilo tulilolichukua.

Tarehe 5 Desemba kila mwanakikundi anaandika haki moja aliyomvunjia mtu mwaka huo, na anamwendea mtu huyo. Tarehe 6 ni ya madeni na mishahara, na wenye wafanyakazi wa ndani wanafungua daftari mbele yao na kuhesabu siku za mapumziko zilizotolewa. Tarehe 7 ni ya kutembelea waliolazwa na waliofungwa. Tarehe 8 tunapitia manila upya: mstari gani haukueleweka, nani alisahauliwa, mwezi gani ubadilishwe jina. Mabadiliko yote yafanyike siku hiyo, si katikati ya mwaka.

Tarehe 9 ni ya kumbukumbu. Mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari ulipitishwa 9 Desemba 1948, siku moja kabla ya Tamko, na Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961. Jioni, baada ya gwaride na pilau, tunafuta safu ya penseli kwa ufutio, kisanduku baada ya kisanduku, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeandika jina la juma kwenye tarehe 1 ya Utu.